Repatwa imara ya nyeusi kwenye chesi, maana yake hasa ni nini

Wakuu habari za mchana. Pale kijiweni kwetu Chang'ombe, Dodoma, drafti ndo mwenyeji na chesi ni mgeni wa juzi juzi tu, ila kuna swali linarudi karibu kila jumamosi: "mbona nikishika nyeupe nacheza freshi, nikipewa nyeusi kufika mwendo wa tano nishaanza kuhangaika?" Jibu langu ni lile lile, huna repatwa. Sasa hilo neno wengi wanalisikia kwenye video wanadhani ni mlolongo wa miendo mia ya kukariri, wanaogopa, wanaachana nayo. Ngoja nilieleze taratibu.

Repatwa ni zile funguzi, yaani miendo ya mwanzo ya gemu, ulizoamua mapema kwamba hizi ndo zangu. Yaani kabla hujakaa kwenye ubao ushajua akisukuma hiki namjibu hiki, na unajua kwa nini. Kwa nyeusi jambo hili lina uzito zaidi maana mwenye nyeupe ndo anayeanza na yeye ndo anachagua gemu ielekee wapi. Anaweza kuanza kwa njia 20 (askari wanane kila mmoja ana njia mbili, hizo 16, farasi wawili nao mbili mbili, 4), lakini ukicheza kwa miezi kadhaa utaona asilimia kubwa ya watu wanaanza na e4 au d4 (herufi ni safu ya ubao, namba ni mstari, yaani e4 ni askari wa safu ya e kusogea mpaka mstari wa nne), na wachache wanaanza na c4 au farasi f3. Kwa hiyo unahitaji majibu mawili makubwa na mawili madogo, basi, hiyo tayari ni repatwa.

Hapo kwenye "imara" ndo watu wanajichanganya, wanadhani imara ni kucheza kwa uoga ukitafuta sare. Hapana. Mtu wa huku kwetu atanielewa haraka: mvua ya Dodoma haiaminiki, inaanza vizuri Desemba, halafu Februari inakata mahindi yakiwa ndo yanataka kubeba. Anayepanda mtama na uwele hajakata tamaa ya kuvuna, anataka kuvuna kama wengine, ila amekubali kwamba mvua haipangi yeye, akachagua mbegu inayovumilia. Nyeusi iko hivyo hivyo. Kwa lugha ya ubao, imara maana yake mfalme anapata maficho mapema, askari wako wa katikati wanalindana, huachi mashimo ambayo farasi wa mwenzako atakuja kukaa asitoke, na ukikosea kidogo unabanwa tu, hufi palepale. Mwaka 2000 kule London, Kramnik alimvua Kasparov ubingwa wa dunia, na silaha yake kubwa akiwa na nyeusi ilikuwa ufunguzi wa Berlin, wanaoupa jina la ukuta. Kasparov, mshambuliaji hatari kuliko wote wa enzi zile, alimaliza mechi nzima bila kushinda hata gemu moja, na huwezi kusema Kramnik aliogopa maana yeye alishinda mbili.

Mfano ninaoupenda mimi ni Karo-Kani, ufunguzi wa nyeusi dhidi ya e4. Jina limetokana na Horatio Caro na Marcus Kann, walioichambua miaka ya 1880. Nyeupe e4, wewe c6. Nyeupe d4, wewe d5. Mtu mpya ataniuliza kwanini usisukume d5 moja kwa moja? Kwa sababu akikula utarudishia kwa malkia, malkia katoka mapema, farasi anakuja c3 anamfukuza na wewe unapoteza muda kumkimbiza huku na huku. Ukiwa na askari c6, akila d5 unarudishia kwa askari, hakuna anayefukuzwa. Halafu kuna faida ya pili ambayo kwangu ndo kubwa: askofu wako wa c8 anatoka nje kabla hujafunga mlango kwa e6. Akisogeza askari mpaka e5, unamtoa askofu f5, ndo unafunga e6, na baadaye unampiga katikati kwa c5. Wanaocheza Ufunguzi wa Kifaransa, e6 kwanza, wanajua yule askofu anavyokaa ndani gemu nzima kama mfungwa.

Kwa d4 mimi nawashauri ufunguzi wa Slavu: d4 d5, c4 c6. Umeona? c6 na d5 tena. Hujajifunza vitu viwili, umejifunza nyumba moja yenye milango miwili, na kwa mtu anayefanya kazi mchana na kusoma chesi usiku kwa bando la kuungaunga hilo ni jambo kubwa sana. Akicheza Londoni, ufunguzi wa nyeupe wa kutoa askofu f4 mapema, unampa c5 na malkia b6 anayetazama askari wa b2, lazima ajieleze. Akianza c4 au farasi f3 mara nyingi utarudi kwenye nyumba ile ile.

Lakini msikariri. Nilipigwa hivi na sitasahau: e4 c6, d4 d5, farasi c3, nikala e4, akala kwa farasi, nikacheza farasi d7, njia aliyoipenda Karpov, bingwa wa dunia wa zamani. Jamaa akaweka malkia e2, anamziba askofu wake mwenyewe, nikaona mwendo wa hovyo, nikatoa farasi wangu wa pili f6 maana ndivyo nilivyokariri. Farasi wake akatua d6. Chekimeti. Askari wangu wa e7 alikuwa anamwangalia yule farasi lakini hawezi kumla, akitoka tu mfalme wangu yuko uso kwa uso na malkia. Na mfalme hana pa kukimbilia, amezungukwa na watu wake mwenyewe. Mwendo wa sita! Ningesukuma e6 tu askofu wa f8 angelinda d6 na gemu ingeendelea vizuri kabisa.

Tangu hapo kila mwendo naujifunza na sababu yake. Lichess, tovuti ya chesi, ni bure, fungua stadi yako (ubao wa kujifunzia unaohifadhi miendo), na cha kwanza kabisa geuza ubao nyeusi iwe chini, maana wengi wanasoma ufunguzi wa nyeusi wakiangalia kwa macho ya nyeupe, wakikaa kwenye gemu picha imegeuka wanapotea. Weka miendo sita saba tu kwa kila tawi, cheza gemu za dakika 10, ukipoteza rudi uone ni wapi mlitoka nje ya njia uliyoijua, ongeza mwendo mmoja hapo. Wiki ijayo mwingine.