Skrini Inayong'aa Si Lazima Iwe na Rangi Bora
Wengi huamini kwamba skrini ya kompyuta mpakato inayong'aa ina rangi bora kuliko isiyong'aa, ilhali rangi hutokana na paneli iliyo ndani, yaani bamba linalotengeneza picha, na paneli ileile yaweza kufunikwa kwa uso wowote kati ya hizo mbili. Tofauti iko kwenye mwanga wa nje: uso laini unaong'aa huurudisha kama kioo cha kujitazamia, hata ukaiona taa ya dari, pamoja na sura yako mwenyewe, juu ya picha ya usiku, ilhali uso usiong'aa, wenye mikwaruzo midogo mno, huutawanya, ndiyo maana weusi huonekana umefifia. Gizani tofauti hiyo hukaribia kutoweka. Anayeketi karibu na dirisha, kwa maoni yangu, achague isiyong'aa, ingawa kwenye ukurasa mweupe huenda akaona chengachenga kama za mchanga.