Mstari wa #! umepata haki yake kwenye sarufi ya JavaScript

Skripti ya JavaScript inayoendeshwa moja kwa moja kwenye Linux kwa kawaida huanza hivi:

#!/usr/bin/env node

Mstari huo umeandikiwa keneli, yaani kiini cha mfumo endeshi. Faili likiitwa kama programu, keneli hutazama baiti mbili za mwanzo. Zikiwa # na !, inaita programu iliyotajwa mbele yake na kuielekeza kwenye faili lile lile, bila kukata chochote. Kwa hiyo injini ya JavaScript, yaani programu inayosoma na kuendesha msimbo, nayo inakutana na mstari huo.

Python, Perl na Ruby haziathiriki, maana kwao # huanzisha maoni. JavaScript hutumia //, hivyo kwa miaka mingi mstari huu ulikuwa kosa la sarufi na kila chombo kilijitafutia dawa. Node.js, inayoendesha JavaScript nje ya kivinjari (ndiyo node ya mstari ule), iliufuta kabla ya kuipa injini msimbo. Chrome na Firefox zilianza kuukubali mwaka 2019 tu. Faili moja, halali huku na batili kule: hali hiyo haifai kwa lugha yenye kiwango rasmi.

ECMAScript 2023, toleo la mwaka huo la kiwango rasmi cha JavaScript, iliingiza kanuni ya mstari huo kwenye sarufi yenyewe, na ninachokipenda zaidi ni ukali wake. #! inakubalika mahali pamoja: mwanzo kabisa wa skripti au moduli. Ukitanguliza nafasi, mstari mtupu au hata maoni, ni kosa. eval, inayoendesha maandishi kama msimbo, inaukubali kwa sababu inasoma skripti kamili. Lakini new Function, inayounda funksheni kutokana na maandishi, inaukataa, maana ule ni mwili wa funksheni tu. Wapo wanaoona huku ni kubana mno. Mimi sioni hivyo. Keneli nayo haitafuti #! kwenye mstari wa pili, na kiwango kikilegeza, tutapata mafaili ambayo lugha inayakubali na mfumo hauyatambui. Tena # tayari ina kazi nyingine ndani ya klasi, pale inapotangulia majina ya sifa binafsi (private fields).

Kiwango hakitibu miisho ya mistari ya Windows, ambayo ni herufi mbili, \r\n, badala ya \n pekee (LF). Kwa JavaScript, \r humaliza mstari, basi sarufi inaridhika. Kwa keneli ya Linux, \r ni sehemu ya maandishi, na env, programu ya kutafuta na kuita programu nyingine kwa jina, inatafuta iitwayo "node\r", ambayo haipo. Ukiona ujumbe wa kosa unaosema "node\r" haipo, usiguse msimbo; hifadhi faili upya kwa miisho ya LF, kisha weka eol=lf kwenye .gitattributes, faili la mipangilio ya Git, ili \r isirudi.