Kuvuka Arosto Si Kupona Uraibu

Wengi huamini kwamba mraibu wa heroini akishavuka arosto, yaani zile siku chache za kutapika, kuharisha, kutokwa na makamasi na kuumwa viungo baada ya kuacha dawa, basi amepona, na akirudia ni kwa ukaidi wake. Dhana hiyo ni potofu, tena inaua. Ubongo uliozoea dawa kwa miaka hubaki na kiu yake muda mrefu baada ya mwili kutulia, kiasi kwamba kuona bomba la sindano tu kunaweza kuiamsha. Hatari kubwa iko hapo hapo: aliyetoka gerezani au katika nyumba ya upataji nafuu, akijidunga kipimo kilekile cha zamani, anaweza kuacha kupumua, kwa kuwa mwili wake hauwezi tena kukihimili. Ndiyo maana methadoni, dawa ya hospitali inayozuia arosto na kutuliza kiu ya heroini, hutolewa kila siku, mara nyingi kwa miaka, na ndugu wanaomshinikiza mgonjwa aiache mapema, wakidai kwamba anabadilisha dawa kwa dawa, humrudisha kwenye hatari ileile bila kujua.