Kwenye mwendo wa kasi, swingi iko ulimini

Safari hii kaniambia mpiga gitaa mzoefu kabisa: "Swingi ni kugawa pigo kwa tatu, noti ya kwanza ndefu, ya pili fupi. Basi." Yaani ule mdundo wa jazi unaoyumba, ndio wote huo? Jamani, hapana, hasa kwetu wapuliza saksafoni.

Kwenye bluzi ya taratibu sibishi. Ila weka metronomu, kile kifaa cha kuhesabu mapigo, kwenye mapigo 240 kwa dakika. Pigo zima lina milisekunde 250. Ukiligawa kwa tatu, noti fupi inabakiwa na kama 83. Puliza mstari mrefu wa noti kwa mgao huo uone: punda anayechechemea. Mwaka 2002 watafiti Friberg na Sundström walipima rekodi za jazi wakakuta kwamba mwendo ukizidi kasi, noti mbili za pigo zinakaribia kulingana. Sikiliza "Bloomdido" ya mpuliza saksafoni Charlie Parker ya 1950, utakubali bila vipimo.

Mimi kilichonishika zaidi kwenye vipimo vyao ni hiki: mpiga solo huchelewa kidogo kwenye pigo lenyewe, lakini noti ya katikati ya pigo hukutana na toazi la mpiga drams. Kwa hiyo anayekwambia "kaa nyuma ya pigo" kakupa nusu ya habari. Ukichelewesha zote, unaburuza bendi tu. Dexter Gordon, naye wa saksafoni, kwenye rekodi zake anapuliza noti karibu sawasawa, amejiegemeza nyuma kama hana haraka, na hakuna anayedai haswingi.

Kazi iliyobaki ni ya ulimi. Gusa ridi, kile kijiti chembamba kinachotetema mdomoni mwa saksafoni, kwenye noti ya katikati ya pigo, kisha iunganishe kwa pumzi moja na ile inayoangukia pigo linalofuata. Usigonge kila noti! Nyingine zimeze: ulimi uegemee ridi nusunusu, sauti ibaki kivuli.

Mkazo uende wapi? Mimi hufundisha hivi: kilele cha mstari, yaani noti yake ya juu kabisa, hasa kikiangukia katikati ya pigo na kufuatiwa na noti ya chini yake. Mara nyingi inakubali. Kisha nakutana na solo ambamo kilele kimemezwa, noti ya chini ndiyo imekaziwa, na inaswingi vilevile. Sina maelezo.

Mazoezi: metronomu iwe 120, mlio wake uusikie kama pigo la 2 na la 4, ndipo uingie kwenye bluzi ya baa 12 (baa moja ni mapigo manne). Ukishtukia umeanza kuusikia kama la 1 na la 3, simama, anza upya.