"Tuko chini ya 108, ndege tunazigusaje?"

"Injinia, sisi tuko mia na nne. Ndege zinaanzia mia na nane. Tunazigusaje?" Juzi nimeulizwa tena, na mwenye redio mpya hapa Dar, mafundi wake wakiwa tayari juu ya mnara wanafunga antena. Nimechoka kulijibu hili nikiwa nimeinua shingo, kwa hiyo naliandika: jinsi redio za FM zinavyoweza kuvuruga mitambo ya kuongozea ndege kutua.

Ni kweli FM inaishia megahezi 108, na lokalaiza, ile sehemu ya ILS (mfumo wa redio wa kuongozea ndege kutua) inayompa rubani mstari wa katikati ya njia ya kutua, inatumia 108.1 hadi 111.95. Lakini mawimbi hayasomi jedwali la masafa. Transmita mbili zikikaa jirani, ya kwanza inapenya kwenye amplifaya ya pili kupitia antena, na humo yanazaliwa masafa ya tatu. Chukua mfano wa hesabu tu: 104.5 mara mbili, toa 99.1. Unapata 109.9, katikati kabisa ya lokalaiza, mahali ambapo hakuna redio iliyoomba leseni. Uchafu huohuo unaweza kuzaliwa ndani ya risiva ya ndege inapopita karibu na minara yenye nguvu, ndiyo maana tangu 1998 viwango vya ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, vinadai risiva zenye kinga dhidi ya FM.

Kutu nayo inazaa. Dar upepo wa chumvi hauachi chuma salama. Juu ya paa la ghorofa moja Kariakoo niliwahi kuona kwenye analaiza, kifaa kinachoonyesha masafa yaliyopo hewani, kilima chembamba, juu kidogo ya 108. Ukizima transmita yoyote kati ya mbili zilizokuwepo, kinapotea. Fundi alipoitikisa kwa spana boliti moja iliyooza, kilima kikarukaruka kwenye skrini. Tukabadilisha boliti, kikaisha.

Kisha huja visingizio vingine. "Wati zetu ni chache." Lokalaiza yenyewe hairushi hata wati mia. Ninyi mnarusha maelfu.

"Kukiwa na tatizo rubani ataona bendera ya onyo." Si lazima! Sindano ya lokalaiza mbele ya rubani inalinganisha toni mbili, ya hezi 90 na ya hezi 150. Zikichafuliwa inaweza kusogea huku bendera imetulia, na rubani anayeshuka Kipawa, uwanja wa ndege wa Dar, ndani ya mvua ya masika anahitaji kuiamini sindano hiyo mpaka aone taa.

"Simu za abiria ndizo hatari." Masafa ya simu yako mbali na ya ILS. Weka hali ya ndege unapoelekezwa, ila usiitumie simu ya abiria kuutetea mnara wako.

"Tuna kibali cha TCRA, mamlaka ya mawasiliano." Vizuri, lakini kibali hakikazi boliti.

Kabla ya kununua mikrofoni za studio, nunua filta ya kaviti, kichujio kinachopitisha masafa yenu na kuzuia ya jirani. Kila redio mpya ikipanda kwenye mnara wenu, pigeni upya hesabu ya masafa yote yaliyopo, kisha pimeni mpaka megahezi 112 mitambo yote ikiwa imewashwa. Mtambo ukipimwa peke yake, majirani wamezimwa, unaweza kuonekana msafi.