Chemba ya biashara ya mkoa: ni nini, inafanya kazi gani na nguvu yake inatoka wapi

Chemba ya biashara ni chombo cha wafanyabiashara wenyewe, wa sekta zote na wa mitaji yote, walio katika eneo moja. Ndani ya chemba ya mkoa kama Singida utamkuta mwenye mashine ya kukamua alizeti, mwenye duka la pembejeo, msafirishaji wa mizigo, mwenye nyumba ya wageni na mkulima anayeuza kwa jumla. Hapo ndipo inapotofautiana na vyama vya sekta. Shirikisho la Wenye Viwanda Tanzania (CTI) linawasemea wenye viwanda, chama cha ushirika kinawasemea wakulima wa zao lao, na jumuiya ya soko inawasemea wenye maduka na vizimba. Chemba inalisemea eneo zima: barabara yake, ushuru wake, umeme wake, vijana wake wanaotafuta ajira.

Tanzania Bara chombo hicho ni TCCIA, chemba ya biashara, viwanda na kilimo, iliyoanzishwa 1988 wakati nchi ilipoanza kulegeza uchumi ulioshikwa na dola. Ina ofisi mikoani na matawi wilayani. Zanzibar ina chemba yake. Kenya ina KNCCI, iliyoundwa 1965 kwa kuunganisha chemba tatu zilizokuwa zimetengwa kwa rangi, za Waafrika, za Waasia na za Wazungu, na leo ina matawi katika kaunti.

Jambo moja la msingi huamua mengine yote: kwetu kujiunga ni hiari. Ujerumani, kwa sheria ya 1956, karibu kila kampuni ni mwanachama wa chemba ya eneo lake itake isitake, na ada inalipwa kisheria. Ndiyo maana chemba za huko zina maofisa wengi na husimamia hata mitihani ya mafunzo ya ufundi. Kuna viongozi wanaorudi kutoka ziara za huko wakitaka kuiga majengo na idara zao. Hawawezi, kwa sababu chemba ya hiari huishi kwa swali analouliza mwanachama kila Januari: mwaka jana nilipata nini? Asipopata jibu halipi, na hakuna wa kumlazimisha.

Hesabu ya kuendesha ofisi

Kabla ya kuzungumzia mikakati, piga hesabu. Tuseme ofisi ya mkoa ina mtendaji mmoja anayelipwa Sh 900,000 kwa mwezi, na mchango wa mwajiri NSSF wa asilimia 10 ni Sh 90,000. Kodi ya chumba Sh 250,000, umeme na intaneti Sh 120,000, nauli za kuzunguka wilayani Sh 140,000. Jumla Sh 1,500,000 kwa mwezi, yaani Sh milioni 18 kwa mwaka, bila semina hata moja. Ada ikiwa Sh 100,000 kwa mwaka, unahitaji wanachama 180 waliolipa. Na kama asilimia 30 ya ada inapelekwa makao makuu, kinachobaki kwa kila mwanachama ni Sh 70,000, na idadi inapanda hadi 258.

Hapo ndipo chemba nyingi za mikoani hukwama. Daftari linaonyesha wanachama 400, waliolipa mwaka huu ni 70. Daftari likishasema uongo, kila mpango unaofuata unajengwa juu ya uongo huo: bajeti, uchaguzi, hata madai ya kuwakilisha mkoa mbele ya Mkuu wa Mkoa. Kwa hiyo hatua ya kwanza ya kuimarisha chemba ni kusafisha daftari. Mpigie simu kila aliyeandikwa. Mgawe katika moja ya mafungu matatu: yupo na analipa, yupo lakini halipi, au biashara imefungwa. Wa fungu la pili aulizwe sababu moja tu iliyomfanya aache, na jibu liandikwe kwa maneno yake mwenyewe. Kazi hiyo ni ya wiki tatu au nne kwa mtu mmoja mwenye simu, na matokeo yake yana thamani kuliko mpango mkakati wa kurasa 60.

Ada nayo ipangwe kwa madaraja. Mama mwenye mashine moja ya kusaga na kampuni yenye malori 20 hawawezi kulipa sawa. Ukiweka kiwango cha kati, wa kwanza anashindwa na wa pili analipa kiasi kisicholingana na anachopata. Na mgawanyo kati ya mkoa na makao makuu uandikwe na ujulikane, kwa sababu migogoro mingi ya ndani ya chemba chanzo chake ni hicho.

Huduma zinazolipa

Huduma inayojulikana zaidi ni cheti cha uasili wa bidhaa, karatasi inayothibitisha kwamba mzigo umezalishwa hapa ili upate nafuu ya ushuru kule unakokwenda. Ni mapato mazuri kwa ofisi iliyo karibu na bandari au mpaka. Lakini ofisi ya mkoa usiosafirisha nje moja kwa moja haitaishi kwa vyeti, na chemba inayoishi kwa vyeti tu hugeuka dirisha la kugonga mihuri: mtu anakuja, anachukua karatasi, anaondoka.

Kigoma inafaa kuangaliwa kwa karibu. Mkoa huo unapakana na Burundi kwa nchi kavu, na Congo iko ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Nchi zote mbili zimo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, Burundi tangu 2007 na Congo tangu 2022. Chumvi ya Uvinza, mawese na dagaa vina soko pande hizo. Chini ya utaratibu rahisi wa biashara wa Jumuiya, mfanyabiashara mdogo mwenye mzigo wa thamani isiyozidi dola 2,000, bidhaa ikiwa kwenye orodha iliyokubaliwa na nchi husika, hupewa cheti kilichorahisishwa palepale kituo cha forodha. Wanaopitisha mizigo midogo kwa njia za panya wengi hawajui hilo, au wanadhani cheti ni cha wakubwa. Chemba inayoweka mtu Manyovu, kituo cha mpakani na Burundi, siku za soko, mwenye orodha ya bidhaa na fomu mkononi, haiingizi senti siku hiyo. Inachopata ni wanachama, kwa sababu mtu aliyeokolewa mzigo wake mara moja hasahau.

Huduma nyingine ni za makaratasi, na zinadharauliwa isivyostahili. Kusajili jina au kampuni kwa mtandao BRELA, wakala wa usajili wa biashara, kuhuisha leseni, kujisajili kwenye mfumo wa manunuzi ya umma wa NeST, kupata barua ya SIDO, shirika la viwanda vidogo, inayomsaidia mjasiriamali mdogo anapoomba nembo ya ubora ya TBS. Kwa mwenye kompyuta na mazoea ni kazi ya saa moja. Kwa mwenye simu ndogo Kibondo inaweza kumla nauli mbili za kwenda mjini na bado asifanikiwe. Chemba ikitoza bei ndogo kwa mwanachama na mara mbili yake kwa asiye mwanachama, huduma inajilipa na ada inapata maana.

Kwenye mikoa yenye miradi mikubwa kuna kazi ya uunganishaji. Bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga, linapita mikoa minane ya Tanzania. Mkandarasi anayetaka mboga, magari ya kukodi au huduma ya usafi haulizi nani ana bidhaa nzuri tu. Anauliza nani ana TIN (namba ya mlipakodi), hati safi ya kodi, leseni hai, usajili wa WCF (mfuko wa fidia kwa wafanyakazi) na akaunti ya benki kwa jina la biashara, na nani anaweza kusubiri malipo siku 30 au 60. Hapo wazawa wengi huanguka, wakati bidhaa wanayo. Chemba inayoanza kuwaandaa tenda ikishatangazwa imechelewa. Orodha ya wazabuni waliokamilika huandaliwa mwaka mzima kabla.

Hoja inayoshinda na hoja inayokufa

Kazi ya kuwasemea wanachama ndiyo yenye hadhi zaidi, na ndiyo inayofanywa vibaya zaidi. Chukua ushuru wa mazao. Mabadiliko ya sheria ya 2017 yaliushusha kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa mazao ya chakula, na mkulima anayesafirisha mazao yake yasiyozidi tani moja kutoka halmashauri moja kwenda nyingine hatozwi. Sasa chemba ikienda mkoani na kusema "ushuru ni kero", itajibiwa kwamba limepokelewa, na limekufa hapo. Ikienda na risiti 20 za POS, mashine ya kukusanyia ushuru, za geti moja la halmashauri, zenye tarehe, uzito na kiasi kilichotozwa, na kuonyesha kwamba 12 kati yake ni za wakulima waliobeba magunia tisa ya kilo 100, yaani kilo 900, Mkurugenzi wa halmashauri hana pa kujificha.

Lakini lazima chemba ijikague kwanza. Magunia tisa yakiwa ya lumbesa, yaani yaliyojazwa kupita kipimo, kila moja kilo 120, mzigo ni kilo 1,080 na msamaha haupo. Aliyebeba akiwa mchuuzi aliyenunua shambani, naye msamaha haumhusu. Hoja moja yenye kosa kama hilo inatosha kuzifanya nyingine zote zionekane za kubahatisha, kwa hiyo kabla ya kikao mtu mmoja apitie kila risiti na kuuliza: huyu ni mkulima, na mzigo ulipimwa wapi?

Karatasi ya hoja isizidi kurasa mbili: tatizo, ushahidi, kifungu cha sheria, nani mwenye mamlaka ya kuliondoa, na sentensi moja inayosema afanye nini na lini. Sehemu ya "nani mwenye mamlaka" hukosewa sana. Mkuu wa Mkoa hawezi kufuta ushuru uliowekwa na sheria ndogo ya halmashauri. Hiyo hupitishwa na madiwani na kuidhinishwa na waziri mwenye dhamana ya serikali za mitaa. Kiwango cha kodi ya TRA hakibadilishwi mkoani hata mkikaa vikao kumi. Peleka kila hoja kwenye meza yake.

Meza ya pamoja ipo. Waraka wa Rais wa 2001 ulianzisha Baraza la Taifa la Biashara, na chini yake kuna mabaraza ya mikoa chini ya Mkuu wa Mkoa na ya wilaya chini ya Mkuu wa Wilaya, serikali upande mmoja na sekta binafsi upande wa pili. Tatizo ni kwamba kikao kikiitishwa ghafla, upande wa sekta binafsi huja mikono mitupu, kila mtu na kero yake ya dukani, muda unaisha kwa hotuba. Dawa ni kikao cha ndani cha wanachama wiki mbili kabla, kuchagua hoja tatu tu, na kumpa kila msemaji moja. Muhtasari uandike kila azimio na jina la ofisi inayohusika na tarehe ya mwisho, na kikao kinachofuata kianze na azimio la kwanza lisilotekelezwa.

Halafu kuna kalenda. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, na halmashauri huandaa na kupitisha bajeti miezi ya mwanzo ya mwaka wa kalenda. Hoja ya ada au ushuru iingie Oktoba au Novemba. Ikifika Aprili, makadirio ya mapato yameshafungwa, na kila shilingi unayoomba ipunguzwe imeshapangiwa matumizi. Kenya mantiki ni ileile ila mlango ni mwingine: ada za kaunti huwekwa na sheria ya fedha ya kaunti, na muswada wake lazima upite kwenye ushirikishwaji wa umma. Tawi la chemba likikosa siku ile, limekosa mwaka mzima. Lina pia silaha ambayo halitumii vya kutosha, yaani Ibara ya 209(5) ya Katiba ya 2010, inayokataza kaunti kutoza kwa namna inayoathiri biashara inayovuka mipaka ya kaunti.

Pasipo njia hizi, kero hutafuta njia nyingine. Mei 2023 wafanyabiashara wa Kariakoo walifunga maduka kwa malalamiko ya kodi na ukamataji, na Juni 2024 wakafunga tena, safari hiyo mgomo ukasambaa hadi Mwanza, Mbeya na miji mingine.

Yanayoiua chemba

Siasa inaiua haraka. Mwenyekiti anayetafuta ubunge hataki kumkera mkubwa yeyote, na hoja zinalainishwa mpaka hazina meno. Mwenyekiti ambaye ni mkandarasi wa halmashauri naye yuko kwenye kifungo hichohicho. Katiba ya chemba iseme wazi: vipindi vya uongozi vina ukomo, mwenye tenda ya halmashauri hazungumzi wala hapigi kura kwenye hoja inayoihusu halmashauri hiyo, na mwanachama ambaye hajalipa hachagui wala hachaguliwi, hata akiwa mwasisi.

Miradi ya wafadhili inaiua polepole. Kwa miaka mitatu kunakuwa na gari, posho na semina hotelini. Watu wanazoea kulipwa ili wahudhurie. Mradi unafungwa, gari linakosa mafuta, na aliyekuwa analipa ada ameacha kwa sababu alidhani wafadhili wanatosha. Fedha za mradi si mbaya zikitumika kwa kitu kinachobaki, kama kusafisha daftari, kumfundisha mtendaji kuandika hoja, au kulipa mshahara wake kwa kiwango kinachopungua kila mwaka, asilimia 75, kisha 50, kisha 25, huku ada ikijaza pengo. Mkataba usiokuwa na mpangilio huo wa kupungua ni bora ukaombwa ubadilishwe kabla ya kusainiwa.

Mkutano mkuu wa mwaka usomewe hesabu zilizokaguliwa, na juu ya ukurasa wa kwanza kuwe na tarakimu tatu: wanachama waliolipa kufikia Machi 31, sehemu ya matumizi iliyolipwa na ada na huduma, na maazimio ya baraza la biashara yaliyotekelezwa kati ya yaliyopitishwa. Ya kwanza ikishuka miaka miwili mfululizo, ahirisheni maonyesho na ujenzi wa ofisi, mrudi kwenye simu na daftari.