Mvua inakula mabati, lakini Ziwa Kivu halina asidi

Wiki hii tena mama moja kaniletea bidoni ya maji ya Kituku, ufukoni mwa ziwa, docta pima, juu mvua ya hapa Goma inakula mabati basi na ziwa lazima limejaa asidi. Kwanza mi si docta, mi mutu wa labo ya maji. Nikachovya papie ya pH mbele yake, ikageuka bluu-kijani, kwenye 9 hivi; 7 njo katikati, chini ya pale ni asidi. Ingekuwa asidi ingeenda kwenye nyekundu. Akasema papie yangu imeisha muda.

Ya mvua yuko sawa. Volkano yetu Nyiragongo inatoa gesi ya salfa, ya klorini, ya floridi, mvua inazibeba, bati linaoza. Lakini kati ya wingu na ziwa kuna mawe na udongo, na pale njo kila kitu kinaamuliwa! Mumeshaona mto hapa mjini? Mvua ikinyesha inazama kwenye makoro, yale mawe ya volkano, inapita pole pole chini kwa chini, ile mawe inamaliza asidi yote, maji yanatokea ziwani yamebeba magnesiamu na bikaboneti. Ni kama ziwa linameza dawa ya kiungulia kila siku.

Kule Adirondack, Marekani, kuna maziwa mawili, Woods na Panther, mvua ya asidi ni ile ile. Panther ina pH karibu 7, Woods karibu 5. Juu Panther imezungukwa na udongo mnene, Woods udongo ni mwembamba juu ya mwamba, maji yanateleza yanaingia na asidi yake.

Ati sabuni haitoi povu sababu ya asidi. Hapana, ni magnesiamu hiyo hiyo.

Ati gesi ya chini ya ziwa njo inaleta asidi. Chini kabisa pH inashuka kweli, 6 na kitu, lakini maji ya chini ya Kivu hayachanganyiki na ya juu.

Ati kufua ufukoni kunaleta asidi. Sabuni ni kinyume cha asidi, jamani!

Sijasema unywe ya ziwa bila klori, kolera haiangalii pH. Mi naogopa zaidi matanki, juu kutoka batini mpaka tanki maji hayajakutana na koro hata moja, floridi inabaki humo na kuchemsha hakuitoi.

Nikamuuliza yule mama, nyumbani munakunywa gani?

"Ya tanki, docta. Ya mvua, ile safi."